Pua Imesema Hakuna

3 Machi

Mdogo wangu Fimbo,

Mwambie Mama miwani yake nimeipata, ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, kwa hiyo aache kumsingizia paka wa jirani.

Wiki hii usinipigie simu, sitapokea. Wewe ukiona simu haijapokelewa unadhani dunia nzima imekununia. Ni kazi tu. Halafu kwenye simu unadanganya haraka mno. Kwenye karatasi angalau unafikiri kwanza.

Ukumbi wa Baraza la Manukato unapakwa rangi, na rangi mbichi na marashi havikai chumba kimoja. Miaka yote hutufungia huko siku nne, tunalala huko huko, tunanusa huko huko. Safari hii wametuletea chupa majumbani. Mimi nimepata tisa, nane za maua na moja ya udi, maana ya udi huwa hawampi mtu mwingine. Hazina majina. Kila moja ina namba na karatasi inayosema ndani mna nini. Kazi yangu ni kusema kama kilichoandikwa kimo, na kama kimo kiasi cha kustahili kutajwa. Kikiwamo, chupa inapata muhuri. Kisipokuwamo, mwenyewe atajua atamuuzia nani.

Nimefanya kazi katika chumba cha marehemu Baba. Tangu nihamie nyumba hii mwezi wa kumi na mbili nimekifanya changu. Magunia yake ya udi yalishaondoka yote, kuta nimezisugua, sakafu nimeipiga deki mpaka mgongo ukalia. Sasa hakina harufu hata ya kusingizia. Nimejifungia humo siku tatu kama Mjomba alivyonifundisha nikiwa na miaka kumi na tisa: mnusaji hali kitunguu, hagusi sabuni, hatoki nje mpaka amalize. Watu husema Mjomba ana masharti kama mganga, lakini bila masharti yake mimi ningekuwa nauza mitumba.

Sasa nikuchekeshe. Chupa namba saba. Kioo kizito, ukiidondosha mguuni utachechemea wiki. Kifuniko cha rangi ya dhahabu. Karatasi yake inajigamba: mafuta ya udi wa mti uliokomaa, yamepikwa kwenye sufuria ya shaba siku kumi na moja, kisha waridi, zafarani na chembe ya ambari. Nikafungua. Waridi limo, tena limezidi, limejaa mdomoni kama peremende. Zafarani imo. Ambari inapita kwa mbali. Udi? Nimesubiri saa nzima. Nimesubiri mpaka jioni. Siku ya pili kipande cha karatasi nilichokichovya kilibaki na utamu wa waridi tu, kama chai iliyopoa. Siku ya tatu hakikubaki na kitu. Fimbo, udi halisi hukaa kwenye karatasi wiki mbili na bado ukakusalimia. Hapa katikati pana shimo tupu, na mtu anataka watu walipie shimo hilo kwa bei ya dhahabu.

Najua sitakiwi kukuandikia haya. Lakini mimi sijui chupa ni ya nani, na wewe pia hujui, kwa hiyo tucheke tu. Karatasi ya hukumu naipeleka kesho kutwa.

Dada yako,
Pua

*

5 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika saa nne. Nimeanza kuisoma nimesimama, nimeimaliza nimekaa.

Shaba. Siku kumi na moja. Dada, kuna nani mwingine unayemjua anayepika udi kwenye shaba siku kumi na moja? Wote siku hizi wanatumia matangi ya chuma, siku nne wamemaliza. Chupa namba saba ni ya kiwanda chetu. Ni marashi niliyokwambia mwaka jana kwamba yanakuja, nikakataa kukwambia jina kwa sababu ya kazi yako. Sasa nakwambia kila kitu kwa sababu sioni faida ya siri tena.

Nilikuwapo, Dada. Mjomba alilala kwenye kiti cha plastiki jikoni kwa wiki moja na nusu, anaamka kupunguza moto, anaamka kuongeza moto. Amepika udi wa watu miaka arobaini na miwili na hakuna boksi lililowahi kuandikwa jina lake. Safari hii niliwabana wakurugenzi mpaka wakakubali. Maboksi yamekwisha kuchapwa. Chini, kwa herufi ndogo lakini zinasomeka: umepikwa na fulani, jina lake lote, na la babu. Nilimwonyesha moja. Aliligeuzageuza kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, halafu akasema herufi zimepinda. Hazijapinda.

Sikuombi uongo. Nakujua, hata ningeomba ungenichapa. Nakuomba unuse tena. Basi. Kama bado hujaipeleka hiyo karatasi, nusa mara moja zaidi.

Nakupa barua hii kwa dereva wa lori letu, aje nayo moja kwa moja mlangoni kwako.

Mdogo wako,
Fimbo

*

7 Machi

Fimbo,

Kwanza nikugombeze. Baada ya kuniambia chupa ni yenu nilipaswa kuirudisha Baraza siku hiyo hiyo na kusema siwezi kuihukumu. Umenipa mzigo ambao sikuutaka. Nimekaa nao siku nzima.

Halafu nilinusa tena. Vipande vitatu vipya. Sikutoka chumbani, sikupika, nilikula mkate mkavu. Dereva wenu alipokuja alisimama mlangoni akavuta pumzi ndefu huku amefumba macho, nikamuuliza kama ana mafua, akacheka akaondoka. Hata yeye sikumkaribisha ndani, nisije nikanusa dizeli.

Udi haumo.

Nilitaka uwemo. Hilo nakwambia wazi kwa sababu wewe ni damu yangu. Niliinamia ile karatasi nikamwona Mjomba kwenye kiti chake cha plastiki, nikasema labda, labda. Lakini pua haina labda. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa na sijawahi kurudi nyuma hata mara moja, na siku nitakayompendelea mjomba wangu ndiyo siku ambayo hukumu zangu zote za nyuma zitageuka takataka. Karatasi nimeipeleka. Nimeandika: udi uliotajwa hauonekani, chupa haistahili muhuri.

Sasa nisikilize. Wewe uliona udi unapikwa. Mimi naona haumo. Katikati ya jiko na chupa kuna mlango mmoja wa stoo na mtu mmoja. Mafuta hayaendi kwa miguu. Usihangaike na pua yangu, mwangalie aliyeshika ufunguo.

Nimeandika sentensi hiyo nikaiangalia muda mrefu. Siifuti.

Dada yako,
Pua

*

17 Machi

Dada,

Nilikuwa sitaki kuandika mpaka yaishe. Yamekwisha.

Hukumu ya Baraza ilifika tarehe kumi. Wakurugenzi waliisoma kwa sauti mbele yangu kama mashtaka. Mmoja akauliza stoo ya mafuta ina funguo ngapi. Nikasema mmoja. Akauliza anao nani. Dada, kuna maswali mtu anajibu huku anajua anachojenga. Nikajibu: Mjomba.

Wakanituma mimi, kwa sababu ni wa nyumbani, yasije yakawa makubwa. Nilimkuta jikoni anasugua sufuria kwa mchanga na limau. Nikasema, "Mjomba, naomba ufunguo wa stoo."

Akaniangalia. "Kuna nini?"

"Baraza wamesema udi haumo kwenye chupa."

"Baraza nani?"

"Dada."

Akaendelea kusugua. Alisugua mpaka nikadhani hakunisikia. Halafu akasema, "Kama pua yake imesema hakuna, basi hakuna." Akaunyofoa ufunguo kwenye kamba ya shingoni, akauweka juu ya mfuniko wa sufuria, akanawa mikono, akavaa viatu. Hakujitetea hata neno moja. Nilitamani anitukane. Niliporudi kuwaambia wakurugenzi alichosema, yule aliyeuliza habari za funguo alipiga meza kwa kiganja: "Basi amekiri."

Nami nikakubali. Mtu asiye na hatia hupiga kelele, au siyo? Mimi nikisingiziwa hata kumaliza sukari napiga kelele.

Amefukuzwa. Miezi sita kabla ya kustaafu. Polisi hawakuitwa, hilo ndilo nililoweza kumpatia. Wanawake wa ufungashaji wamepewa wino mweusi na brashi, wanafuta jina lake boksi kwa boksi.

Mama hajui la kufanya na uso wake akiniona. Ni kaka yake, na mimi ni mwanawe. Jana aliniandalia chakula akaenda kula chumbani.

Fimbo

*

19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Leo haitoki moyoni.

Kwa nini? Hilo tu ndilo ninalotaka kujua. Kama ulikuwa na shida, mimi na Fimbo tupo. Kama ulichoka kupikia watu wanaotajirika, ungeacha ukaondoka na heshima yako. Wewe ndiye uliyenishika pua nikiwa msichana ukaniambia marashi ni ahadi, na anayeandika udi asiweke udi ni mwongo kuliko anayeahidi ndoa. Nilikuamini. Watu wamenichukia kwa sababu ya maneno hayo, nimepoteza marafiki, na sikujali, kwa sababu nilijua kuna mtu mmoja anayeyaishi.

Umenifanya nikuhukumu bila kujua kwamba ni wewe, kisha nikuhukumu tena nikiwa najua. Unafikiri mara ya pili ilikuwa rahisi?

Nijibu. Hata ukinitukana, nijibu.

Mpwa wako

*

30 Machi

Dada,

Umeniuliza kama Mjomba amenijibu mimi. Hajajibu mtu. Anakaa kwenye chumba chake cha kupanga, kule nyuma ya gereji. Nilipita juzi, mlango ulikuwa wazi, nikaona miguu yake. Nikapita.

Mama amehamia kwake. Alifunga nguo zake kwenye begi moja, akaniambia, "Namfuata kaka yangu, chakula kipo kwenye friji." Sikuweza hata kumbebea begi, alininyang'anya.

Kazini marashi tumeyapika upya. Mpishi mwingine, tangi la chuma, siku nne, mafuta mengine yamenunuliwa nje. Yamekwenda Baraza raundi ya pili. Nimeambiwa wewe hutayaona, wamempa mnusaji mwingine kwa sababu ya undugu wetu. Ukumbi umekauka, mnanusia huko. Nakwambia tu usije ukashtuka.

Unakula? Mimi nakula nimesimama.

Fimbo

*

14 Aprili

Fimbo,

Kaa chini. Safari hii nakuamrisha.

Wiki iliyopita Baraza lilituita wote kwa raundi ya pili. Nilinusa maua tu, kama ulivyosema. Safari hii walitulaza siku sita kwenye nyumba ya wageni inayonuka dawa ya mbu na mazulia. Tangu nihamie kwa Baba ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala nje.

Jana nimerudi saa tisa alasiri. Nimefungua mlango wa mbele. Fimbo, udi ulinipiga usoni. Nilidhani kuna mtu ameingia ndani akafukiza. Nikaita. Nikazunguka jikoni, uani, nikafungua kabati. Hapakuwa na mtu. Nikaingia chumba cha Baba nikashika ukuta. Ni ukuta. Miaka thelathini ya magunia imeingia kwenye chokaa, kwenye mbao za dari, kwenye mapazia. Nimesugua ngozi tu, nyama yote imejaa udi. Nikanusa mtandio wangu ulioachwa kitandani: udi. Dereva wenu hakuwa na mafua. Alikuwa anavuta nyumba yangu, mimi nimesimama mbele yake najidai.

Umeelewa? Mtu akikaa na harufu, pua huizoea na kuinyamazia. Hilo ni somo la kwanza, ndiyo maana hatujipaki kitu siku ya kazi. Nilikaa nayo miezi mitatu, kisha nikajifungia siku tatu juu yake, sikutoka nje hata kupunga hewa kwa kufuata masharti ya Mjomba, na ndani ya udi mtupu nikatafuta udi. Waridi nililiona kwa sababu Baba hakuuza waridi. Ungenipa hata kipande cha mti chenyewe nikitafune ningekwambia ni mkate.

Nilikuwa na kichupa cha masalio ya chupa namba saba, kiasi cha kidole kimoja. Nimekipeleka mbali, mpaka uwanja wa shule, nikakaa kwenye ngazi za saruji nimevaa gauni jipya lililotoka dukani, nikanusa. Umo. Umo tangu mwanzo mpaka mwisho. Unaanza mkali kidogo kama ngozi, halafu unatulia, unakuwa mtamu bila sukari, na zafarani inaushika mkono. Ni kazi bora aliyowahi kuifanya. Ile karatasi yenye majigambo haikujigamba hata kidogo. Kasoro ni moja, waridi limezidi, na nina hakika hilo lilikuwa wazo lako.

Nililia pale kwenye ngazi mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Ninaandika kwa Baraza nifute hukumu yangu. Kisha namwandikia Mjomba. Nilitaka wewe ujue kwanza.

Pua

*

16 Aprili

Dada,

Nimekaa chini. Nakuomba usiandike Baraza. Nisikilize mpaka mwisho kabla hujakunja uso.

Muhuri umetoka jana. Marashi yale mapya yamepita, yako kwenye malori. Ukiandika sasa, Baraza watauliza chupa ya kwanza ilikuwa na nini, ya pili ina nini, na kwa nini mtu alifukuzwa. Wakurugenzi watatafuta wa kutupwa nje, na hawatahangaika kumtafuta mbali. Wewe watakuondoa. Hakuna anayempa kazi mnusaji aliyekosa udi akiwa amekaa ndani ya udi, watakufanya kichekesho mpaka uzeeni. Tutamsaidia Mjomba sisi wenyewe, kimyakimya. Nitamlipia chumba. Nitamleta nyumbani. Lakini kwa karatasi, hapana.

Na kuna jambo jingine. Afadhali ulisikie kwangu.

Mimi niliunusa. Siku hukumu yako ilipofika nilikwenda ufungashaji, nikafungua chupa, nikajipaka kwenye mkono. Udi ulikuwamo. Niliusikia, Dada. Nikamwita mkuu wa ufungashaji, naye akanusa, akaniangalia, akasema, "Mimi nasikia udi, bosi, lakini mimi ni nani?" Ndivyo nilivyosema na mimi. Mimi ni nani? Tangu utotoni, ukisema maziwa yameharibika yanamwagwa bila mtu kuonja. Nilijiambia kama Pua amesema haumo, basi ninachosikia ni tamaa yangu. Nikanawa mkono kwa sabuni. Kisha nikaenda kuchukua ufunguo.

Kwa hiyo usibebe peke yako. Lakini pia usituzamishe wote.

Fimbo

*

20 Aprili

Fimbo,

Nakala hii hapa. Ya asili ilikwenda jana.

"Kwa Baraza. Hukumu yangu ya tarehe saba Machi kuhusu chupa namba saba si sahihi. Nilinusia kwenye chumba kilichokuwa na udi miaka thelathini, pua yangu ikiwa imeuzoea, na sikugundua. Chupa ilikuwa na udi kama ilivyoandikwa, kwa kiasi kinachostahili na kuzidi. Kwa sababu ya hukumu hiyo, mpishi wa udi huo amefukuzwa kazi kwa wizi ambao haukutokea. Naomba hukumu ifutwe na barua hii isomwe mbele ya waliosoma ile ya kwanza. Kiti changu nakiacha mikononi mwenu."

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilikasirika, halafu nikashindwa kukasirika, kwa sababu aliyewafundisha kumwaga maziwa bila kuonja ni mimi. Nilipenda mnavyoniogopa. Lakini wewe ulisikia udi kwa pua yako mwenyewe, kisha ukaenda kumvua mzee ufunguo shingoni. Hilo sitakubebea.

Mjomba nimemwandikia kurasa nne.

Dada yako

*

2 Mei

Mpwa wangu,

Barua zako zote mbili ninazo, ya Machi na hii ndefu. Mama yako ndiye aliyenisomea zote, macho yangu hayapendi mwandiko wako.

Nimesikia Baraza wamekutoa kwenye kiti. Sifurahi. Waliosomewa barua yako wanasema ulisimama mwenyewe ukaisoma, hukumwachia karani. Hilo nimelipenda.

Fimbo alikuja Jumatatu. Alileta ufunguo na boksi jipya lenye jina langu. Nilimwambia aviweke mezani. Aliviweka, akasimama kama mwanafunzi aliyechelewa, akaondoka. Bado viko mezani. Sijavigusa.

Sasa nikwambie na mimi, maana umeandika sana na umekosea jambo moja. Umesema nilinyamaza kwa sababu ya wema, kwa kuilinda pua yako. Acha kunipamba. Nilinyamaza kwa hasira. Ilianza Fimbo aliponiambia ni wewe uliyesema. Mimi nilijua udi umo, niliuweka kwa mkono wangu. Pua yako ilikosea wapi sikujua na sikutaka kujua. Nilichokuwa nangoja ni kingine. Nilisugua ile sufuria polepole makusudi, nimpe muda. Hakusema. Alitaka ufunguo tu. Nikasema moyoni, basi, dada yake ataandika, yule hana aibu ya maneno. Ikaja barua yako. Nikampa mama yako asome. "Kwa nini?" ndivyo ulivyoanza. Kwa nini. Nikamwambia aikunje.

Hakuna aliyeniuliza. Wewe hukuniuliza, Fimbo hakuniuliza, wale wakurugenzi hawakuniuliza. Kila mtu alikuja na jibu lake mfukoni. Hata mama yako alikuja na begi lake tu, akasema yuko nami liwe liwalo. Nilimshukuru, lakini liwe liwalo si swali.

Katika kurasa zako nne kuna kuta, kuna dari, kuna mtandio, kuna msamaha mara kumi na moja, nimemhesabisha mama yako. Swali halimo.

Nina miaka sitini na minne. Nataka mtoto niliyemfundisha kazi aniulize.

Mjomba wako

*

4 Mei

Mjomba, shikamoo.

Ulichukua mafuta ya udi ya kiwandani?

Mpwa wako

*

7 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba.

Mama yako ameniletea barua yako nikiwa nje natengeneza bawaba ya mlango. Hii nimeisoma mwenyewe, nimesimama. Nimelia, mzee mzima na nyundo mkononi, majirani wananitazama, na sioni haya kukwambia.

Hapana, mwanangu. Sikuchukua hata tone.

Mjomba wako